Sauti Kutoka Mnara wa Isumba

Mvua ilikuwa haijapumzika tangu Jumapili, na Atuganile Mwasomola naye alikuwa hajapumzika. Kiti kilimshinda. Akikaa, anainuka, akienda dirishani kuitazama Mbeya iliyozama kwenye ukungu, anarudi kabla hajaona kitu. Chai yake ilishapoa mezani ikafanya utando. Kwenye ukuta wa Kituo cha Ulinzi wa Mtandao, ramani ya minara ya nyanda za juu ilikuwa ya kijani tupu, isipokuwa nukta moja nyekundu juu ya kijiji cha Isumba, kule milima ya Rungwe. Mnara huo ulipigwa na radi alfajiri. Fundi alipanda peke yake kwenda kuutengeneza, gari likabaki chini kwa sababu ya utelezi. Fundi mwenyewe alikuwa Ambakisye Mwakipesile, mume wa marehemu dada yake.

"Isumba umerudi hewani," alisema Festo Hongoli, mkuu wa zamu.

Nukta ile ilitoka kwenye wekundu, lakini haikufika kwenye kijani. Iligeuka njano na ikabaki njano.

"Mbona hauingii?" Atuganile aliuliza.

"Una kadi ngeni. Ile iliyoungua ameitoa, akaweka ambayo Hodi haiijui."

Zamani kampuni moja ilijenga mnara wote, kuanzia antena hadi akili yake. Sasa mitandao ilikuwa wazi. Antena ilitoka kwa huyu, kadi ya saketi kwa yule, na programu ya kuuongoza mnara iliandikwa na mtu wa tatu ambaye hajawahi kuuona. Bila hivyo vijiji kama Isumba visingepata mnara kabisa. Lakini nyumba yenye milango mingi ina funguo nyingi, na funguo nyingi hazikai kwa mtu mmoja. Hodi ilitengenezwa kwa ajili hiyo. Mfumo huo haukuwa na uzio wala geti, na haukujali nani yuko ndani na nani yuko nje. Kila kadi, kila programu na kila mhandisi alipaswa kubisha upya kwa kila jambo, hata dogo, na kuonyesha uthibitisho upya, hata kama alikaribishwa muda mfupi uliopita. Pale kituoni walikuwa wakisema kikulacho ki nguoni mwako, na aliyeanza kusema hivyo ni Atuganile. Kanuni nyingi za Hodi aliziandika yeye.

"Anaomba nini?"

Festo alisoma kimoyomoyo kwanza. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kukunja mikono ya shati akiwa na wasiwasi. Sasa aliikunja.

"Tahadhari ya kuhama," alisema. "Kwa simu zote za bonde."

Waliokuwa chumbani waliinua vichwa kutoka kwenye skrini zao. Hakuna aliyelipenda neno hilo.

Miaka miwili kabla, mchana kweupe, simu zote za bonde lilelile zililia kwa pamoja. Ujumbe ulisema bwawa la juu limepasuka, watu wavuke daraja la mto Lusungo waende ng'ambo. Bwawa lilikuwa zima. Mtu alikuwa ameuteka mnara mmoja kwa kupitia programu ndogo ya kupunguza matumizi ya umeme, akaandika alichotaka. Watu walijazana kwenye daraja jembamba, wengine na mbuzi, wengine na watoto mgongoni, na daraja likakatika. Gwantwa, dada yake Atuganile, mke wa Ambakisye, alikuwa katikati. Waliofanya hivyo hawakujulikana. Wapo waliosema walikuwa wanajaribu tu kuona kama inawezekana, na hilo ndilo lililowauma watu kuliko kama wangekuwa na sababu.

"Mpe sauti," Atuganile alisema.

*

Kadi isiyojulikana iliruhusiwa jambo moja tu, kusubiri kwenye chumba kilichofungwa na kusema na kituo. Haikuweza kugusa kitu kingine. Kila ilichotuma, Hodi ilikipokea, ikakihifadhi, na haikukipeleka popote.

Sauti ilikuja ikikatikakatika, na nyuma yake mvua ilipiga bati kama mtu anayemwaga mawe.

"Kituo, hapa Isumba. Mnanisikia?"

"Tunakusikia. Hapa Mwasomola."

"Shemeji, afadhali ni wewe. Fungua tahadhari. Mlima unaondoka."

Lile *afadhali*, na jinsi alivyolivuta mwishoni, Atuganile alilijua tangu siku Ambakisye alipokuja kwao kujitambulisha, kijana mwenye viatu vya kuazima. Ni yeye, akajiambia. Kisha akasema kile ambacho kanuni zake mwenyewe zilimtaka aseme.

"Thibitisha."

"Nithibitishe kwa nini? Simu ya kazi ilikuwa imechomekwa mnarani radi ilipopiga mara ya pili, imeungua na funguo zangu zote zimo humo. Naongea kwa simu ya majaribio. Sikiliza. Kuna ufa nyuma ya kibanda cha jenereta. Nimeweka mguu, umeingia mpaka goti. Nguzo za uzio zimelala kuelekea kijijini. Hivi ninavyosema, mlango wa kibanda haufungi tena, fremu imekaa upande."

"Kadi uliyoweka umeitoa wapi?"

"Ghalani. Ilikuwa ndiyo pekee inayoingia kwenye nafasi ile. Shemeji, kuna watu chini huku."

Atuganile alimtazama Festo. Festo alitikisa kichwa polepole. Hakuwa anakataa. Alikuwa hajui.

Sauti haikuwa uthibitisho tena, na hilo kila mtu alilijua. Siku hizo vijana walitengeneza sauti ya marehemu kwa kipande cha video ya dakika moja, wakaipigia simu familia siku ya harusi ili babu atoe baraka. Wazee walilia kwa furaha. Wengine walikataa kupokea simu mpaka wanaingia kaburini.

"Niulize jambo," ilisema sauti. "Jambo la nyumbani, ambalo mgeni hawezi kulijua."

Atuganile alifikiri haraka. "Siku ya mahari. Mjomba alikataa nini?"

"Alikataa soda. Akasema tumemletea maji ya sukari kama watoto, akadai maziwa mgando."

Atuganile alicheka bila kutaka. Festo aliinama karibu naye akanong'ona, "Ile video ipo. Hata mimi nimeiona, ulinionyesha wewe. Iko kwenye simu za ukoo mzima."

Kweli ilikuwepo. Atuganile alipekua kichwa chake akitafuta jambo moja kati yake na Ambakisye ambalo halikuwahi kusemwa karibu na simu, na hakulipata. Maisha yao yote yalikuwa yamepita mbele ya vyombo vinavyosikia.

"Hilo halitoshi," alisema.

"Shemeji," ilisema sauti, chini zaidi, "mimi nimezika mke kwa sababu ya tahadhari ya uongo. Unadhani naweza kuomba ya uongo?"

"Mtu anayetaka tumwamini angesema hivyohivyo."

Alipoyasema hayo hakumtazama mtu yeyote.

*

Palikuwa na njia moja ya kuuliza bila kumwuliza Ambakisye. Ng'ambo ya bonde ulisimama mnara wa Lugombo, ambao Hodi iliujua na kuukubali. Dishi la Lugombo na dishi la Isumba yalitazamana uso kwa uso na kutumiana mawimbi. Mnara mmoja ukiinama, mawimbi yanapita pembeni, na ule wa pili unayapokea hafifu. Atuganile aliita vipimo vya Lugombo.

Mawimbi yalikuwa yamedhoofika tangu asubuhi.

"Mvua," alisema Festo. "Mvua hunywa mawimbi."

"Mvua hunywa na kutapika. Ikipungua, mawimbi yanapanda. Tazama huu mstari. Unashuka tu."

"Mvua nayo haijapungua."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Festo alishawapigia watu wa maafa. Walimjibu kwamba droni haiwezi kuruka kwenye ukungu ule, na wakauliza kama Hodi imeupitisha mnara. Aliwaambia haijaupitisha. Wakasema basi wajulishwe ikiupitisha.

Atuganile alikaa kwenye mashine yake kuandaa ombi la dharura. Tahadhari ilihitaji funguo za watu wawili, wake na wa mkuu wa zamu. Kabla hajamaliza, skrini ilibadilika. Hodi ilikuwa imeona kwamba mwombaji anajiita Ambakisye Mwakipesile, na kwamba Atuganile Mwasomola ni shemeji wa mtu huyo. Iliona pia kwamba vidole vyake vilikuwa vikikosea herufi kuliko kawaida yake. Kwa upole uleule aliouandika yeye, ikamjulisha kuwa katika jambo hili uamuzi wake hautategemewa. Ufunguo wake ulizimwa.

Aliyasoma maneno hayo mpaka mwisho, ingawa aliyajua kwa moyo. Kanuni ile aliitunga kwa kumfikiria mhandisi mwingine, asiye na sura.

"Nimetolewa," alimwambia Festo.

Festo alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribiana. Alisema taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwomba mwenzake amsaidie kubeba kitu.

"Mkuu wa zamu ana ufunguo wa dharura, anaweza kufungua peke yake na kujibu baadaye. Sijawahi kuutumia. Nitautumia leo. Lakini mimi simjui huyu mtu, nimekutana naye kwenye semina mara mbili. Wewe umekaa naye meza moja. Sahau Hodi, sahau funguo. Niambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba ni yeye. Neno moja tu. Nami nafungua."

Laini ya Isumba ilikuwa wazi bado. Wote wawili walisikia pumzi ya mtu huko juu, akisubiri.

Atuganile alijua ni yeye. Alijua kama unavyojua hatua za mtu wa nyumbani ukiwa chumba cha pili. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Kilicholizuia ni kadi. Ambakisye alisema ndani ya kitu ambacho hakuna aliyekichunguza, kitu kilichotoka ghalani, kilichotengenezwa na mikono isiyojulikana. Na tahadhari ingefunguliwa, isingepita kwenye moyo wa Ambakisye, ingepita kwenye kadi ile. Mtu mkweli anaweza kushika kipaza sauti cha mwongo. Daraja la Lusungo lilikuwa limejengwa upya kwa mbao, la muda, na mto leo ulikuwa umejaa hadi kingo. Aliwaona watu juu yake. Kisha akawaona watu haohao wamekaa majumbani mwao na mlima unashuka.

"Siwezi kukupa neno hilo," alisema.

Festo aliinamisha kichwa.

"Nimesikia, shemeji," ilisema sauti kutoka Isumba. Haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka. "Basi nateremka kwa miguu. Nitagonga nyumba moja moja."

Ikafuata kelele ya kitu kuwekwa chini, na baada ya hapo mvua peke yake.

*

Alitoka nje bila koti. Kwenye kibaraza cha maegesho, chini ya ukingo wa paa uliovuja, alitoa simu yake mwenyewe, si ya kazi. Kutoa tahadhari nje ya mfumo lilikuwa kosa la jinai tangu daraja lilipokatika. Mtu angefungwa kwa kuzusha taharuki. Alilijua hilo kwa sababu alialikwa kutoa ushahidi sheria ilipotungwa, na aliiunga mkono.

Isumba chini kulikuwa na nyumba chache zinazopata mawimbi ya Lugombo. Mojawapo ilikuwa ya mwenyekiti wa kijiji, Bupe Mwangomo, mwanamke aliyewahi kufundisha shule ya msingi na bado akisema na watu wazima kana kwamba wamechelewa paredi. Simu iliita muda mrefu.

"Nani mwenzangu?"

"Shikamoo Mama Mwenyekiti. Ni Atuganile, mdogo wake Gwantwa."

"Marahaba. Unasema wewe ni Atuganile."

"Ndiyo mama."

"Gwantwa alikufa kwa ajili ya simu. Nyie mlikuja hapa, mkatukusanya shuleni, mkatufundisha tusiamini sauti. Wewe mwenyewe ulisimama mbele. Ukasema hata ikiwa sauti ya mama yako. Sasa unataka nini?"

Atuganile alifumba macho. Maji ya paa yalimdondokea shingoni. Alikuwa ameandaa maombi, na sasa aliona kwamba maombi ndiyo yangeharibu kila kitu. Kama angesema kimbieni, mwanamke huyu angekata simu, na angekuwa sahihi.

"Sitaki uniamini, mama," alisema. "Nataka utoke nje uangalie. Maji ya chemchemi pale juu ya shule, mlichota leo?"

"Watoto wamechota asubuhi."

"Yalikuwaje?"

"Yalikuwa ya tope. Tumesema ni mvua."

"Chemchemi hiyo huwa inachafuka kwa mvua?"

"Haijawahi."

"Nenda na watu wawili unaowaamini wewe. Pandeni njia ya chai mpaka kwenye kona. Tazameni kama kuna ufa, kama miti imeinama upande mmoja, kama kuna mlango uliokuwa unafunga jana na leo haufungi. Mkikuta hakuna kitu, rudi uniripoti polisi kwa kuwasumbua. Namba yangu unayo. Mkikuta kitu, hamtanihitaji mimi."

"Na tukikuta, twende wapi? Maana wale walisema darajani."

Swali lilikuwa la mtego, na alilistahili.

"Hilo nalo usinisikilize mimi. Wewe umezaliwa hapo. Mlima ukishuka, maji na udongo vitapita wapi?"

"Vitafuata korongo mpaka mtoni."

"Basi unajua pa kukaa mbali napo."

Mama Mwenyekiti alivuta pumzi puani. "Mdogo wake Gwantwa angenisalimia Kinyakyusa," alisema, na simu ikakatika.

Atuganile alibaki amesimama. Hakujua kama amesikilizwa. Alizunguka maegesho mara kadhaa kwenye mvua, akarudi ndani amelowa, na mlinzi wa mlangoni, aliyemjua kwa miaka, akamwomba kitambulisho kama kawaida.

*

Yaliyotokea Isumba aliyasikia baadaye kwa vipande. Mama Mwenyekiti alitoka na mwalimu mmoja na fundi seremala. Hawakufika hata kwenye kona. Njia ya chai ilikuwa imekatika vipande viwili, kimoja chini ya kingine kwa kimo cha mtoto, na mizizi ya chai ikining'inia katikati. Walipogeuka kurudi walikutana na Ambakisye anateremka, ametapakaa tope mpaka kwenye nywele, anagonga milango ya nyumba za juu na watu wanamchungulia madirishani. Mama Mwenyekiti hakumwuliza kitu. Aliwaambia waliokuwa madirishani, "Njooni muone wenyewe, halafu mbebe watoto." Mwalimu alikimbia shuleni kugonga rimu ya gari wanayoitumia kama kengele.

Walihamia bega la mlima upande wa kiwanda cha zamani cha chai, mbali na korongo, mbali na daraja. Hawakukimbia. Kila familia ilipita kwanza kwenye ule ufa, ikaangalia, ikaendelea na safari. Mzee mmoja, Kajela, hakukubali. Alisema alishahamishwa mara moja na simu na hatahamishwa mara ya pili na kengele. Ambakisye alirudi kumfuata.

Kule Mbeya, alasiri, nukta ya njano ilizimika. Mstari wa Lugombo ulianguka mpaka chini kabisa, ukabaki hapo.

Festo alivua miwani akaiweka mezani. Baada ya muda simu za watu wa maafa zilianza kuita, na kazi zikawa nyingi, na kwa kuwa zilikuwa nyingi Atuganile aliweza kuzifanya.

Jioni haijaingia bado, Festo alimwita kwenye skrini yake. Alikuwa amefungua vile ambavyo Hodi ilivihifadhi kutoka kwenye kadi ya Isumba wakati ikisubiri katika chumba kilichofungwa. Kulikuwa na sauti ya Ambakisye. Kulikuwa na ombi la tahadhari, kama alivyoliandika yeye, watu waelekee kiwanda cha zamani. Na nyuma ya ombi hilo, limejikunja kama mdudu ndani ya haragwe, kulikuwa na ombi jingine ambalo hakuliandika. Lilikuwa limekaa tayari kuchukua nafasi ya la kwanza mlango ukifunguliwa tu. Maneno yake yalikuwa machache. Lilisema watu wavuke daraja.

Atuganile alisoma, akasoma tena.

"Ilikuwemo kwenye kadi kabla haijatoka ghalani," Festo alisema. "Yeye hakujua."

"Hakujua."

"Ulikuwa sahihi."

Atuganile alitaka kumwambia anyamaze. Yeye hakujua kulikuwa na kitu ndani ya kadi, kama Festo asivyojua. Alikuwa ameogopa tu, na hofu yake ikaangukia mahali palipokuwa na jambo la kuogopwa. Kama kadi ingekuwa safi na Mama Mwenyekiti asingepokea simu, leo wangekuwa wanasema nini?

Festo alikuwa amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko. "Ile simu uliyopiga nje," alisema. "Nimeitaja kwenye taarifa. Sikuweza kuiacha."

"Ningeshangaa ungeiacha."

"Watakuita."

"Nitaenda."

*

Ambakisye alilazwa hospitali ya wilaya, mguu wa kulia umewekwa vyuma. Walimtoa kwenye matope akiwa amemshika Mzee Kajela mkono. Mzee alikuwa ameshafariki. Wodi ilijaa watu wa Isumba waliokuja kumwona, na walipomwona Atuganile mlangoni walimpisha bila kumsalimia vizuri, si kwa chuki, ila hawakujua wamsalimie kama nani.

Alikaa kwenye benchi. Aliuliza habari za mguu, akajibiwa. Alimpa pole ya Mzee Kajela, akajibiwa. Kisha akamweleza habari ya kadi, yote, kwa sababu alijua kamati ya uchunguzi ingekuja kumweleza vibaya.

Ambakisye alisikiliza akitazama dari.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyempandisha adui mlimani."

"Wewe ulibeba kadi uliyopewa ghalani. Nitasema hivyo kwa kila atakayeniuliza."

"Daraja," alisema. "Ningewaambia wavuke daraja. Kwa sauti yangu."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani alikohoa, mke wake akamwinua. Ambakisye aligeuza uso, na Atuganile aliona kwamba alikuwa ameamua kufanya jambo jema na kwamba lilikuwa limemgharimu.

"Nimefikiri sana hapa," alisema. "Kwanza nilikuwa na kinyongo na wewe, sikufichi. Nikasema, shemeji yangu, aliyekula kwangu, ananiambia nithibitishe. Halafu nikasema, mvua ile, laini ile mbovu, sauti inakatika. Hukunitambua. Nani angenitambua? Hilo nimelimaliza moyoni. Hukunitambua, basi."

Alimnyooshea njia, pana na iliyofagiliwa. Ilitosha yeye kuitikia kwa kichwa tu. Wangerudi kuwa shemeji na shemeji, wangekutana kwenye misiba na harusi, na hakuna ambaye angeumia. Atuganile alitazama mikono yake. Alijua pia kwamba kamati haitamuuliza kamwe kama alimtambua.

"Nilikutambua," alisema.

Ambakisye hakusogea.

"Uliposema *afadhali*. Nilijua hapohapo ni wewe, na Festo aliponiomba neno nilikuwa najua bado. Sikulitoa. Hata leo, kadi ile ikiwa safi, sijui kama ningelitoa."

Mvua ilikuwa imekatika siku hiyo, na kupitia madirisha ya wodi zilisikika sauti za watu wakianika nguo nje. Ambakisye alimtazama usoni kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Midomo yake ilikauka. Aliomba maji.

Atuganile alimimina kutoka kwenye jagi, akamsogezea kikombe. Mkono mmoja wa Ambakisye ulikuwa na bandeji na uliuma kuinuka. Hata hivyo aliuinua. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, kwa adabu kamili, kama mtu anavyopokea kitu kwa mgeni.

"Asante, mama," alisema.